Weka Mzigo Chini, Lakini Usitoke Hemani



Leo nataka tuongee jambo ambalo hatulihubiri sana katika makanisa yetu. Tunahubiri kuinuliwa. Tunahubiri kufunguliwa milango. Kijana akipata kazi anasimama mbele, anatoa ushuhuda, tunapiga makofi na vigelegele. Lakini siku barua ya kustaafu inapofika, mtu huyo huyo anakaa kiti cha nyuma kama aliyefanya kosa. Hakuna anayemwita mbele aombewe. Watu wanamuuliza pembeni, "Sasa utafanya nini?" Na wengine, Mungu atusamehe, wanamuuliza, "Wamekulipa ngapi?"

Mpendwa, naomba unisome mpaka mwisho. Kama una miaka 58, neno hili ni lako. Kama una miaka 28, ni lako zaidi, kwa sababu wewe bado una wakati.

KUSTAAFU KUMO KWENYE BIBLIA

Utasikia watu wakisema Biblia haijui kustaafu, kwamba mtu wa Mungu anafanya kazi mpaka siku anapoitwa nyumbani. Likisemwa kwenye mimbari linapendeza sana. Lakini hebu fungua Hesabu sura ya 8, usome mstari wa 23 mpaka wa 26 polepole.

Pale Mungu mwenyewe anamwambia Musa habari za Walawi. Mlawi anaingia katika kazi ya hema ya kukutania akiwa na miaka 25. Akifika miaka 50, anaiacha ile kazi. Haiachi kwa sababu ametenda dhambi, wala kwa sababu amepoa kiroho. Anaiacha kwa sababu Mungu amesema inatosha. Kisha mstari wa 26 unaongeza jambo ambalo wengi tunaliruka: baada ya miaka 50, Mlawi huyo anabaki pamoja na ndugu zake pale hemani, akishika zamu ya ulinzi. Anasaidia. Anaangalia. Kubeba, habebi tena.

Sasa rudi sura ya 4. Huko wanahesabiwa Walawi wa kazi ya kubeba, kuanzia miaka 30 hadi 50, na walikuwa 8,580. Sura moja inasema 25, nyingine inasema 30. Walimu wengi wa Biblia wanaeleza kwamba ile miaka mitano ya katikati ilikuwa ya kujifunza. Kwa hivyo Mlawi alikuwa na vipindi vitatu: kujifunza kubeba, kubeba, halafu kulinda.

Hili ndilo neno langu kwako leo. Mzigo una mwisho, lakini hemani huondoki. Anayekataa kuweka mzigo chini anakosea, na anayeuweka chini kisha akaenda zake kungoja kufa anakosea pia. Na mtu asipojua kubeba vizuri akiwa na nguvu, atafika zamu ya kulinda akiwa amevunjika mgongo na hana kitu mfukoni.

Tuanze na kubeba.

BEBA KWA AKILI UKIWA NA NGUVU

Soma Hesabu sura ya 7, mstari wa 3 mpaka wa 9. Wakuu wa Israeli walileta magari sita na ng'ombe kumi na wawili. Angalia Musa alivyogawa. Wana wa Gershoni, waliobeba mapazia, walipewa magari mawili na ng'ombe wanne. Wana wa Merari, waliobeba mbao na nguzo, walipewa magari manne na ng'ombe wanane. Wana wa Kohathi, waliobeba vyombo vitakatifu, hawakupewa hata gari moja. Wao walibeba mabegani.

Ungekuwa wewe mkuu wa ofisi, labda ungegawa mawili mawili ili watu wasinung'unike. Lakini Musa hakutafuta usawa wa hesabu. Aliangalia mzigo. Mzigo mzito ukapewa magari mengi. Mzigo usiofaa kuwekwa kwenye gari ukawekwa begani.

Mpendwa, wengi wetu tunachoka kwa sababu tumechanganya mizigo hiyo. Kitu cha gari tunakibeba begani, na kitu cha bega tunakitupa kwenye gari.

Kitu cha gari ni kile ambacho mtu mwingine, au chombo, au mpango mzuri unaweza kukifanya. Wewe ni mkubwa wa idara, lakini kila karatasi lazima ipite mkononi mwako. Wewe una duka, lakini mwaka wa kumi sasa hakuna mtu mwingine anayejua bei ya kununulia bidhaa. Wewe ni mama mwenye watoto wakubwa wanne, na bado unaosha kila sahani peke yako saa nne usiku, halafu unasinzia kwenye kesha. Huo si uaminifu. Ni Musa kabla hajazungumza na Yethro mkwewe, kule Kutoka 18, akiamua kesi kuanzia asubuhi mpaka jioni huku watu wamepanga foleni. Yethro alimwambia wazi kwamba atajimaliza, yeye na watu pia. Akamwambia aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Kazi ikaenda, na Musa akabaki hai.

Kitu cha bega ni kile ambacho hakuna mtu atakubebea. Maombi yako. Ndoa yako. Kumjua mtoto wako ana rafiki gani. Afya yako. Unakumbuka yaliyompata Uza katika 2 Samweli 6? Sanduku lilikuwa limewekwa kwenye gari jipya kabisa. Gari lilikuwa zuri na nyimbo zilikuwa nzuri, lakini lile sanduku lilikuwa la kubebwa mabegani. Kuna baba analipa karo nzuri, anatuma pesa kwa M-Pesa kila mwisho wa mwezi, na anafikiri amelea. Amepeleka kitu cha bega kwa gari.

Basi chukua karatasi leo jioni. Andika kazi zote unazofanya kwa wiki. Weka alama "gari" au "bega" kwa kila moja. Zile za gari, tafuta mtu umfundishe. Zile za bega, zipe saa kwenye siku yako kabla hujapanga kitu kingine.

Halafu weka lengo lenye tarehe. Nehemia alipoombwa na mfalme aseme atarudi lini, alitaja muda. Soma Nehemia 2:6. Na ukuta ulimalizika kwa siku 52, kila jamaa ikijenga sehemu yake. Kusema "siku moja nitajenga" si imani. Sema utajenga nini, kwa pesa ngapi za kila mwezi, mpaka mwaka gani.

Na likizo yako, ichukue. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku za kazi zisizopungua 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Kuna watu wanajivunia kwamba hawajaenda likizo miaka mitano. Ndugu yangu, likizo ni mazoezi ya kustaafu. Kama siku 21 bila ofisi zinakufanya uwe kama samaki aliyetolewa majini, miaka 20 bila ofisi itakufanyaje?

HESABU MIAKA YAKO

Hapa Kenya, mtumishi wa umma anastaafu akiwa na miaka 60. Kabla ya mwaka 2009 ilikuwa 55. Mwenye ulemavu anaruhusiwa kuendelea mpaka 65. Sasa tupige hesabu. Zaburi ya 90 inataja miaka 70, na kwa mwenye nguvu 80. Kutoka 60 mpaka 80 ni miaka 20, yaani siku 7,300. Siku elfu saba na mia tatu za kuamka asubuhi bila mtu wa kukuuliza mbona umechelewa.

Utakula nini siku hizo zote?

Kwa miaka mingi mchango wa NSSF ulikuwa shilingi 200 kutoka kwa mfanyakazi na 200 kutoka kwa mwajiri. Ukiweka 400 kila mwezi kwa miaka 30, umeweka shilingi 144,000, ukiacha riba. Ndiyo maana wazee wengi walifika kule dirishani wakalia. Tangu Februari 2023, sheria ya mwaka 2013 ilipoanza kutekelezwa, mchango ni asilimia 6 kwako na asilimia 6 kwa mwajiri, mpaka kiwango cha juu kilichowekwa. Najua makato yanauma. Nimewasikia mkilalamika. Lakini hebu tuseme kweli: kati ya makato yote yanayotoka kwenye mshahara wako, hili ni moja linalokusubiri mbele na jina lako limeandikwa juu.

Kwa ninyi walimu, polisi na watumishi wa serikali mliokuwa chini ya miaka 45 mpango mpya wa pensheni ulipoanza Januari 2021: mnachangia, na serikali inachangia. Usingoje miaka 59 ndipo uulize taarifa yako iko wapi. Iulize mwaka huu.

Na wewe fundi wa jua kali, wewe mama mboga, wewe wa boda boda, nisikilize vizuri. Wewe hakuna atakayekuandikia barua ya kustaafu. Barua yako itakuwa goti linalouma au macho yasiyoona uzi kwenye sindano. Kwa hivyo tarehe yako jiwekee mwenyewe. NSSF wana mpango unaoitwa Haba Haba unaoanzia shilingi 25 kwa siku. Kwa mwaka ni shilingi 9,125. Ni pesa ya chai na mandazi. Kama huwataki hao, tafuta sacco yenye leseni ya SASRA, weka huko. Serikali inawapa wazee waliofika miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii, kwa wale walioandikishwa. Tunashukuru. Lakini 2,000 haitoshi unga, mboga na dawa. Usiifanye kuwa mpango wako.

Yusufu hakumwambia Farao aote tena ndoto nzuri zaidi. Alimwambia atenge sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba ya shibe. Soma Mwanzo 41:34. Ndoto ilikuwa ya Mungu, na ghala pia lilikuwa la Mungu.

PESA YA MKUPUO NA WANAOINGOJA

Sasa nafika mahali ambapo wengine hawatanipenda.

Mstaafu anapolipwa kiinua mgongo, kuna watu wamekwisha kukipigia hesabu kabla hajakiona. Kuna mtoto mwenye miaka 32 anayesema, "Baba, nipe mtaji." Kuna ndugu mwenye ploti ya haraka. Kuna rafiki mwenye biashara isiyo na hasara. Mnakumbuka kware wa 2013 na 2014, watu walivyokimbilia mayai yale, na soko lilivyokauka ghafla? Mnakumbuka zile piramidi za miaka ya 2006 na 2007 zilizomeza akiba za Wakenya? Wengi waliingizwa na watu waliokuwa wakikaa nao kiti kimoja kanisani. Walianza mkutano kwa maombi.

Halafu kuna sisi, watumishi wa madhabahu. Kuna mahubiri yanayomwambia mstaafu kwamba akileta pesa yake yote kama mbegu, Mungu atamfungulia mlango mkubwa kuliko kazi aliyoiacha. Mimi mchungaji wako nakuambia hadharani, na mtu yeyote anaweza kuyahifadhi maneno haya: usiniletee kiinua mgongo chako chote. Fungu lako la kumi ni kati yako na Mungu wako. Sadaka ya shukrani toa kwa furaha. Lakini anayekuambia umwage yote mbele, muulize ni nani atakununulia dawa ya presha mwezi wa nane. Kama hana jibu, funga mkoba wako uende nyumbani kwa amani. Hujakosa imani. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyetunza walio wake ameikana imani. Ni 1 Timotheo 5:8. Na wewe mwenyewe uko miongoni mwa watu wa nyumba yako.

Utaniambia, "Mchungaji, na yule mjane wa senti mbili?" Namjua. Yesu alimsifu. Lakini soma mistari iliyotangulia, mwisho wa Marko 12, uone Yesu alivyokuwa amewakemea waandishi waliokula nyumba za wajane. Mambo hayo mawili yamewekwa karibu, na sidhani ni kwa bahati mbaya.

Ushauri wangu ni huu:

1. Kwa miezi sita ya kwanza baada ya kustaafu, usinunue kitu kikubwa. Matatu, ploti, kuku elfu moja, vyote vingoje. Anayekuambia nafasi itapita kesho, mwache apite nayo.

2. Usianze ukiwa na miaka 60 biashara ambayo hukuijaribu ukiwa na 52. Kama ni ng'ombe wa maziwa, anza na mmoja ukiwa bado na mshahara. Hasara ya ng'ombe mmoja ni karo ya shule ya kujifunza. Hasara ya ng'ombe kumi ni maziko.

3. Lipa madeni kabla ya barua kufika. Mkopo wa sacco unaovuka mwaka wa kustaafu ni mgeni atakayekula kwenye sahani yako.

4. Angalia majina kwenye kitambulisho, kwenye NSSF na kwenye faili ya kazini. Herufi moja ikikosekana inaweza kukurudisha dirishani mara nyingi. Na angalia jina la mrithi uliloandika zamani. Wengine waliandika kabla ya kuoa, na hawajabadilisha mpaka leo. Mama ya watoto wako hayumo.

5. Bima ya afya. Tangu Oktoba 2024 tuko kwenye SHA. Ukiwa na mshahara unakatwa asilimia 2.75. Mshahara ukiisha, uliza mapema utalipa kwa njia gani, kabla hujajikuta kwenye benchi ya hospitali.

Na wewe kijana, nakupenda, kwa hivyo nakuambia. Pensheni ya baba si mtaji wako. Alikubeba mpaka ukamaliza shule. Mwache aweke mzigo chini.

NYUMBA UTAKAYORUDI IPO LEO

Pesa si kila kitu. Wako baba waliofanya kazi Nairobi au Mombasa miaka 30, mke akibaki nyumbani shambani. Walionana Krismasi na kwenye mazishi. Sasa amestaafu, amerudi na sanduku lake na redio yake, na anaanza kutoa amri katika boma ambalo mama ameliendesha bila yeye. Wiki ya pili wamekosana juu ya nani anafungua kuku.

Baba, hiyo nyumba usiingoje. Anza kurudi sasa. Piga simu ambayo haiulizi habari ya ng'ombe wala karo. Muulize mama anataka mfanye nini mkiwa wawili tu. Na mama, ukiwa wewe ndiye uliyefanya kazi mbali, neno ni lile lile.

SASA LINDA

Tunapenda kumhubiri Kalebu. Alitumwa kupeleleza akiwa na miaka 40, na akiwa na 85 akaja kwa Yoshua akaomba apewe ule mlima wenye majitu. Tunasema amina, tunaruka. Lakini endelea mpaka sura ya 15, mstari wa 16 na 17. Kulikuwa na mji wa Kiriath-seferi. Kalebu hakuusimamia mwenyewe. Alitangaza kwamba atakayeupiga mji ule atamwoza binti yake. Othnieli akautwaa. Na Othnieli huyo, ukifika Waamuzi 3, ndiye mwamuzi wa kwanza aliyewaokoa Israeli.

Unaona? Mzee wa miaka 85 alikuwa na nguvu, na bado alimwachia kijana vita. Kama Kalebu angepigana kila vita mwenyewe, Israeli wangempata wapi mwamuzi siku Kalebu hayupo? Huko ndiko kulinda. Unakaa pale, unajua adui anapita wapi, unampa kijana nafasi, na akirudi na jeraha unamwonyesha jinsi ya kulifunga.

Mwangalie pia Ana binti Fanueli katika Luka 2. Aliolewa, akakaa na mumewe miaka saba, akawa mjane mpaka miaka 84. Hakuwa na cheo. Alikuwa hekaluni, akifunga na kuomba, na siku mtoto Yesu alipoletwa, yeye alikuwepo. Wenye shughuli nyingi walipita pale siku ile wasijue.

Na tusiende mbali. Januari 2004, baada ya elimu ya msingi kufanywa bure mwaka uliotangulia, mzee Kimani Maruge alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, akiwa na miaka 84. Alivaa soksi ndefu na kaptura kama watoto wengine. Mwaka 2005 alifika New York kwenye Umoja wa Mataifa kuzungumzia elimu. Na Gogo Priscilla Sitienei wa Ndalat, Nandi, mkunga aliyewapokea watoto kwa miaka mingi, aliingia shule ya msingi akiwa na umri wa karibu miaka 90, akakaa darasani na vitukuu vyake. Alitaka kusoma Biblia mwenyewe, na alitaka wasichana walioacha shule kwa sababu ya mimba waone kwamba wanaweza kurudi. Alilala Novemba 2022 akiwa na miaka 99, bado akiwa mwanafunzi.

Hao wawili hawakuwa na pensheni kubwa. Walikuwa na sababu ya kuamka. Na dawati walilokalia liliwafundisha wengi waliokuwa wakiwatazama.

Basi wewe uliyestaafu, au unayekaribia, nauliza: zamu yako iko wapi? Mwalimu, tuna watoto hapa kanisani wanaosoma bila mtu wa kuwaangalia hesabu. Jumamosi mbili kwa mwezi zinatosha. Muuguzi, leta kile kipimo cha presha, ukae nje baada ya ibada. Mhasibu, kagua vitabu vya kanisa, na ukikuta kitu hakieleweki, niulize mimi wa kwanza. Mama uliyelea ukamaliza, kuna binti ameolewa mwaka huu na mama yake yuko mbali. Mwite chai. Mzee uliyeacha pombe miaka 30 iliyopita, kuna kijana anayetafuta mtu wa kumpigia simu saa tano usiku.

Lakini kumbuka, aliyestaafu habebi mbao. Usikae kwenye kamati miaka 20 ukisema unalinda, kumbe umeshika nguzo na vijana hawana pa kushika. Mlinzi anaangalia. Hamnyang'anyi mwenye zamu kazi yake. Na ninyi watoto wa wazee, msiwageuze kuwa yaya wa wajukuu saba mchana na usiku. Huo ni mzigo mpya umebandikwa jina la baraka.

NENO KWA WACHUNGAJI WENZANGU

Mtumishi mwenzangu unayesoma hapa, sheria ile ya Hesabu 8 iliandikwa kwa Walawi. Yaani kwa sisi. Haikuandikwa kwa makarani. Kuna wachungaji wanang'ang'ania mimbari wakiwa na miaka 80, na watu wanasema ni upako. Mara nyingine ni njaa. Hana pensheni, hana nyumba, na akishuka pale hajui atakula wapi. Ndugu, kanisa likulipie NSSF kama mfanyakazi mwingine yeyote. Wazee wa kanisa, liulizeni hili kwenye kikao chenu kijacho. Na tumfundishe Othnieli wetu tukiwa bado tunaweza kumshangilia.

KAZI YA WIKI HII

Fanya mambo matatu tu. Andika orodha yako ya gari na bega. Jua una kiasi gani kwa jina lako, NSSF, sacco au chini ya godoro. Na mtafute mtu mmoja aliyestaafu karibuni, umtembelee. Usimuulize alilipwa ngapi. Mwambie tunamhitaji hemani.

Hebu tuombe.

Baba, katika jina la Yesu, tunakushukuru kwa kazi uliyotupa na kwa mpaka uliouwekea kazi. Wafundishe vijana wetu kubeba kwa akili. Wape wazee wetu usingizi mtamu, mkate wa kila siku na zamu ya kushika. Linda akiba yao na kila mkono wenye tamaa, hata kama umevaa suti ya mhubiri. Ndoa zilizotengwa na kazi, zikutanishe tena. Na siku tutakapoweka mzigo chini, tukute tungali nyumbani mwako. Amina.

Kama una mzazi aliyestaafu au anayekaribia, mtumie neno hili. Kama wewe mwenyewe umestaafu, niandikie hapa chini ulikuwa ukifanya kazi gani na ungependa kushika zamu gani. Jumapili hii, ibada ya pili, wote mliostaafu ndani ya miaka mitatu iliyopita mtakuja mbele. Tutawaombea kama tunavyowaombea wanaopata kazi. Na vigelegele vitakuwepo.

Mbarikiwe.